Ramani za kwanza za upimaji wa Minnesota: chukua ramani, lakini usiache daftari

Shemeji yangu alinipigia simu Jumapili moja ya mwezi wa kumi, nikiwa navaa viatu kwenda zamu ya usiku. Amepata shamba, ekari 10, kaunti ya Isanti, kaskazini ya Minneapolis. Bei imempendeza. Mwenye shamba amemwambia ardhi ni kavu kutoka mpaka hadi mpaka. Yeye anataka kulima mchicha, mnavu na mahindi ya kuchoma, maana kila kiangazi Waafrika Mashariki wa huku tunahangaika kutafuta mboga za nyumbani. "Shemeji," akaniambia, "wewe ndiye mtu wa ardhi. Nitajuaje kama huyu mzee anasema kweli?"

Niseme kwanza mimi ni nani, ili msomaji apime mwenyewe maneno yangu. Sikuwa mpima ardhi mwenye leseni. Nilikuwa fundi sanifu. Nilisoma chuo cha ardhi Morogoro, nikafanya kazi miaka 14 nikibeba tiodolaiti, chombo cha kupimia pembe, begani, nikivuta tepu vichakani na kuzika bikoni za zege, alama za mipaka, Kilosa na Mvomero. Sasa naishi Brooklyn Park na usiku nahudumia wazee. Swali la shemeji lilinifanya nijisikie nimeitwa kazini tena. Usiku ule, wazee wote walipolala, nilifungua kompyuta ya mapumziko na kuanza kutafuta ramani ya kwanza kabisa ya eneo lile.

Jimbo la Minnesota limeziweka mtandaoni. Ni ramani za upimaji wa kwanza wa serikali ya Marekani katika jimbo hili, kazi iliyofanyika kati ya 1848 na 1907, pamoja na nyingine zilizoongezwa baadaye. Zote pamoja zinapita 3,600. Ofisi ya katibu wa jimbo, Chama cha Historia cha Minnesota, idara ya usafirishaji, kitengo cha jimbo cha ramani na wapimaji wa kaunti walishirikiana kuziskani, kwa sababu karatasi na vitambaa vya kitani vilivyochorewa vilikuwa vinaharibika kila vikishikwa. Hulipi senti. Unachagua faili unayotaka, TIFF, JPEG au PDF. Zimeskaniwa kwa rangi, nukta 800 kwa kila inchi. Maana yake ni kwamba unaweza kukuza picha mpaka ukaona mahali mchoraji alipoinua kalamu na kuichovya tena kwenye wino. Niliipakua TIFF moja, ikachukua muda kufunguka kwenye mashine yangu ya zamani, lakini ilipofunguka nilikaa nayo saa nzima. Kwa kusoma kawaida JPEG inatosha. TIFF ichukue kama unataka kupima au kuchapisha.

Nyingi pia zimefungwa kwenye majira ya dunia, hivyo mwenye programu ya ramani anaweza kuilaza ya zamani juu ya picha ya setilaiti ya leo na kuona barabara na mabwawa yanavyokutana. Kwangu mimi hicho ndicho kitu cha thamani kubwa kuliko vyote kwenye huduma hii. Kazi niliyokuwa nikiifanya kwa karatasi ya kufuatishia na taa chini ya meza ya kioo, hapa imeshafanywa.

Sasa ramani yenyewe. Kila karatasi ni taunishipu moja, yaani mraba wa maili 6 kwa 6. Mraba huo umekatwa vipande 36 vya maili moja kwa moja, vinaitwa seksheni. Mpango huo ulianza na sheria ya 1785, Marekani ilipokuwa taifa changa lenye madeni na ardhi nyingi, na mistari ya kwanza ilianzia mpakani mwa Ohio chini ya mpimaji Thomas Hutchins. Namba za seksheni zinaanza kona ya kaskazini mashariki. Moja mpaka sita zinakwenda magharibi, saba inashuka chini yake na safari inarudi mashariki, hivyo hivyo mpaka 36 kwenye kona ya kusini mashariki. Mtu aliyelima kwa plau ya ng'ombe ataielewa mara moja, maana ng'ombe nao wakifika mwisho wa shamba hugeuka, hawarudi kuanzia kule walikotoka.

Kipimo walichotumia ni mnyororo wa Gunter. Urefu wake futi 66, viungo 100. Minyororo 80 ni maili. Na hapa ndipo penye uzuri: minyororo 10 ya mraba ni ekari moja kamili. Kwetu ukimuuliza mkulima ekari ni nini atakwambia hatua 70 kwa 70, basi. Ekari ile ile anayoitembea kwa miguu inatoka kwenye mnyororo huu wa Mwingereza wa karne ya 17. Seksheni ni ekari 640, robo yake 160, robo ya robo 40. Ndiyo maana mkulima wa huku ukimsikia anazungumzia "arobaini" yake, anazungumzia kipande cha ardhi. Ardhi ya serikali iliuzwa kuanzia dola 1.25 kwa ekari, hivyo mtu mwenye dola 50 alikuwa na "arobaini" yake. Kuanzia sheria ya 1862, familia iliweza kupewa ekari 160 kwa sharti la kuishi hapo na kulima miaka mitano. Ramani hizi zilikuwa orodha ya bidhaa. Mnunuzi alifika ofisi ya ardhi, akaonyesha kidole mraba anaoutaka, na karani akaandika namba. Seksheni ya 16 na ya 36 hazikuwa za kununua namna hiyo. Minnesota zilitengwa kwa ajili ya shule.

Kwa jicho la fundi, uchoraji unapendeza. Mito ina mistari miwili, vinamasi vimechorwa vijani vidogo vidogo, kingo za maziwa zimefuatwa kona kwa kona. Ndani ya kila kipande kumeandikwa ukubwa wake kwa ekari mpaka nukta mbili. Ukikuta kipande cha kando ya ziwa kina ekari 31 na ushei badala ya 40, ujue maji yamekula kilichobaki. Safu za kaskazini na magharibi nazo mara nyingi zina namba zisizo kamili. Dunia ni ya mviringo na minyororo haikuwa sawasawa, kwa hiyo sheria iliamua makosa yote ya taunishipu yasukumwe pande hizo mbili ili vipande vingine vibaki kamili. Niliposoma hivyo nilimkumbuka mwalimu wangu wa Morogoro, aliyetufundisha kwamba kosa halifichwi, linapangiwa mahali pa kukaa.

Kabla hujaanza kutafuta, jua namba zako. Mimi nilipoteza usiku mzima kwa kutojua jambo moja: Minnesota inahesabiwa kutoka meridiani kuu mbili, yaani mistari ya kaskazini-kusini ambayo hesabu ya miraba huanzia. Ya Tano inaanzia kwenye mdomo wa mto Arkansas, na mstari wake wa msingi uko huko huko Arkansas, ulipimwa 1815. Ya Nne, kwa upande wetu huu, inatumia mpaka wa Illinois na Wisconsin kama msingi. Nyumbani kwangu Brooklyn Park ni taunishipu ya 119 kaskazini ya mstari wa msingi, renji, yaani safu, ya 21 magharibi ya meridiani, kwa Meridiani ya Tano. Ukivuka Mississippi kwenda Fridley, mwendo wa dakika chache kwa gari, namba zinaruka ghafla kuwa taunishipu ya 30, renji ya 24, kwa Meridiani ya Nne. Isanti iko upande wa Nne. Mimi nilikuwa natafuta kwa Tano. Soma hati ya mauziano ya shamba, angalia imeandikwa meridiani ipi, ndipo uende mtandaoni.

Nilipoipata taunishipu ya shemeji, nikahesabu seksheni, nikagawa robo, nikagawa tena, mpaka nikafika kwenye zile ekari 10. Shamba lake ni mraba wa minyororo 10 kwa 10, na upande wake wa kusini umekaa juu ya mstari wa seksheni, mahali ambapo leo pana barabara ya changarawe. Barabara nyingi za mashambani huku zinafuata mistari hiyo hiyo iliyopimwa zamani. Kwenye ramani palikuwa na vijani vya kinamasi vilivyogusa kona ya magharibi ya shamba, halafu vikatawanyika kuelekea kaskazini bila mpaka unaoeleweka.

Mtu mwingine angeishia hapo, akampigia simu shemeji na kumwambia kona moja tu ndiyo mbaya. Mimi sikutaka kuishia hapo, na sababu yangu ndiyo jambo ninalotaka kila mwenye kutumia ramani hizi alishike.

Mpimaji hakutembea ndani ya seksheni. Alitembea kwenye mistari. Alizunguka ule mraba wa maili moja, na chochote kilichokatisha mstari wake alikiandika kwenye daftari lake la vipimo: kijito chenye upana wa viungo kadhaa, mwanzo wa msitu, mwisho wa mbuga, kinamasi kinaanzia hapa na kuishia pale. Ziwa kubwa na mto mkubwa alivifuata kingo zake kwa vipimo. Lakini kilichoko katikati ya mraba, mbali na mistari, alikiona kwa macho tu, kama alikiona. Halafu daftari likapelekwa ofisi ya mpimaji mkuu, na mchoraji ambaye hakuwahi kukanyaga pale ndiye aliyeunganisha alama za mistari na kujaza katikati kwa kadirio lake. Kwa hiyo ramani moja ina ukweli wa aina mbili. Ulioko kwenye mistari umepimwa kwa mnyororo. Wa katikati ni mchoro wa kuunganisha. Wino ni ule ule, mkono ni ule ule, na hakuna kinachokuonya kwamba umetoka kwenye kipimo umeingia kwenye kadirio.

Ndiyo maana nasema usiache daftari. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda St. Paul, kwenye maktaba ya Chama cha Historia, nikasoma daftari la vipimo la mstari ule. Nilikwenda na chai kwenye chupa, nikaiacha kwenye kabati la mlangoni, nikakaa mpaka saa kumi alasiri. Mwandiko wa karne ya 19 unataka uvumilivu. Saa ya kwanza nilikuwa nasoma neno moja kwa dakika. Baadaye unagundua kwamba maneno ni yale yale: mwaloni, msonobari, kinamasi, udongo daraja la kwanza, la pili, la tatu. Ukishayazoea mikunjo yake, ukurasa unasomeka kama orodha ya bei.

Kwenye mstari wetu mpimaji ameandika kwamba kwenye mnyororo wa 23.50 ameingia kinamasi, na kwenye 31.00 ametoka. Hapa pana mtego. Mistari ya mashariki na magharibi ilipimwa kwanza kwa kujaribu kwenda mashariki, halafu ikasahihishwa kwa kurudi magharibi, na katika mstari huu maelezo yameandikwa akiwa anarudi. Ukihesabu kutoka kona ya magharibi kama nilivyofanya mwanzoni, kinamasi kinaangukia shamba la jirani na wewe unafurahi bure. Nilihesabu upya kutoka mashariki. Shamba la shemeji linaanzia mnyororo wa 20 na kuishia wa 30. Kinamasi kimechukua kuanzia 23.50 mpaka mwisho wake. Minyororo 6 na nusu kati ya 10. Ramani ilinionyesha kona, daftari likanionyesha karibu theluthi mbili za upande mzima wa barabarani.

Nilimpigia simu pale pale nje ya maktaba. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Lakini shemeji, hiyo ni miaka ya 1850. Si itakuwa imekauka?" Swali zuri. Wakulima wa huku wamechimba mitaro na kulaza mabomba ya kuondoa maji chini ya ardhi kwa zaidi ya karne, na mashamba mengi ambayo wapimaji waliyavuka kwenye tope leo yanabeba mahindi. Kwa hiyo daftari halikwambii shamba likoje leo. Linakwambia maji yalikuwa yanakaa wapi kabla mtu hajayafukuza, na maji hufuata mkondo. Bomba likiziba, yatarudi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye shamba lilibadilika: mtaro uko wapi, bomba liko wapi, na nani analitunza?

Daftari lina mengine ambayo ramani haina kabisa. Kwenye kila kona ya seksheni walisimamisha nguzo, halafu wakachagua miti ya karibu kuwa mashahidi. Waliandika aina ya mti, unene wake kwa inchi, upande uliopo na umbali wake kutoka kwenye nguzo kwa viungo. Wakachonga gome na kukwaruza herufi na namba kwenye mbao nyeupe, ili nguzo ikioza au ikiibiwa, mti utoe ushahidi. Mahali pasipo na miti, kwenye mbuga tupu, walirundika udongo kuwa kichuguu, na mara nyingine wakafukia mkaa chini, kwa sababu mkaa hauozi. Nilisoma hayo nikatamani wenzangu wa Kilosa wangekuwepo. Kule tulipokuwa tunapima shamba la mtu, mashahidi walikuwa majirani. Mzee anasimama kwenye mwembe, anasema mpaka wa baba yangu unaishia hapa, jirani anakubali, wote wanatia dole gumba kwenye fomu. Hapa aliyetia dole ni mwaloni wa inchi 14.

Miti hiyo ikawa hazina kwa watu wa misitu. Mwaka 1930 Francis Marschner wa wizara ya kilimo ya Marekani alizitumia daftari hizi kuchora ramani ya uoto wa asili wa Minnesota yote. Wapimaji walioandika "msonobari, inchi 20" walikuwa wanalinda kona tu. Hawakujua kwamba wanahesabu msitu ambao shoka lingeumaliza.

Na kuna msitu uliopona kwa sababu ya kosa. Mwaka 1882 mpimaji Josiah King na kikosi chake walifanya kazi kaskazini mwa jimbo, karibu na ziwa Coddington. Ekari 144 za misonobari mikubwa zikaingizwa kwenye ramani kama sehemu ya ziwa, wakati ziwa lenyewe liko kama nusu maili pembeni. Kampuni za mbao zilinunua kwa kufuata ramani, na hakuna anayenunua maji kwa ajili ya mbao. Miti ikabaki imesimama. Leo eneo hilo linaitwa Lost Forty, liko kwenye msitu wa taifa wa Chippewa, na baadhi ya misonobari ina zaidi ya miaka 300. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kama bahati njema, na ni njema kweli. Mimi kama fundi naisikia pia kwa namna nyingine. Wapimaji hawa walilipwa kwa maili, kwa mkataba, utaratibu uliodumu mpaka 1910. Mtu anayelipwa kwa maili, akiwa kwenye vinamasi, mbu kiangazi na theluji wakati wa baridi, atakuwa na siku ambazo anataka tu mstari uishe. Kwa hiyo ukiisoma ramani, mpe heshima yake aliyeipima, na ubaki na mashaka yako.

Kuna jambo jingine ambalo ramani hizi hazilisemi, nami siwezi kuandika maoni yangu nikalipita. Zinaonyesha ardhi kana kwamba ilikuwa inasubiri mnunuzi. Upimaji ulikuja nyuma ya mikataba. Sehemu kubwa ya ardhi ya katikati ya Mississippi na St. Croix iliondoka mikononi mwa Waojibwe na Wadakota, wenyeji wa asili wa huku, kwa mikataba ya 1837. Ya magharibi ya mto ilifuata 1851, Traverse des Sioux na Mendota. Jina la kaunti ya Isanti lenyewe ni jina la Wadakota. Hapa na pale kwenye ramani hizi utakuta mstari wa nukta nukta umeandikwa kuwa ni njia ya miguu ya wenyeji, ukikatisha miraba kwa mshazari bila kujali seksheni. Nilijikuta nafuata njia hizo kwa kidole kuliko nilivyofuata mipaka. Njia hufuata kivuko na chemchemi. Mstari wa mnyororo hufuata dira tu.

Chukua mfano wa ziwa Bde Maka Ska, pale Minneapolis ambapo familia zetu huenda kiangazi kuchoma nyama. Kuanzia 1829 mpaka 1839 ufukweni mwake palikuwa na kijiji cha Wadakota cha Cloud Man, watu wakilima mahindi. Wapimaji walifika miaka ya 1850. Kijiji kilikuwa kimeshaondoka, na mpimaji aliandika alichokikuta siku ile. Ukitaka kujua nani aliishi hapo, ramani hizi ni mahali pabaya pa kuanzia. Anza na Wadakota wenyewe.

Neno kuhusu kuchapisha, maana wengi mtataka kuiweka ukutani. Ramani hizi zilichorwa kwa kipimo cha inchi 2 kwa maili, kwa hiyo taunishipu nzima ni inchi 12 kila upande, sentimita 30 na nusu. Duka moja la uchapishaji nililolipelekea faili lilinipa karatasi nzuri, wino mzuri, na ramani iliyopanuliwa ijae karatasi. Kwa mapambo haina neno. Kwa kupima haifai kitu, maana rula yako haisemi tena kweli. Nilirudi nikaomba wachapishe kwa asilimia 100, bila kurekebisha ukubwa, nikapima seksheni moja pale pale kaunta: sentimita 5.08. Fanya hivyo kabla hujalipa. Na omba karatasi isiyong'aa, ili uweze kuandika kwa penseli na kufuta.

Nikitoa alama: kwa ubora wa picha na kwa kuwa bure, nyota 5 bila kusita. Kwa mtu anayetaka jibu la haraka kuhusu shamba, nyota 3, kwa sababu ramani peke yake itampa jibu lenye sura nzuri ambalo huenda si kweli. Akiongeza daftari na siku moja ya kukaa kimya maktaba, nyota 5 tena. Lugha ni Kiingereza tupu, cha zamani, chenye vifupisho. Kama kusoma hati za hapa kunakusumbua, mchukue kijana wako akusomee, na wewe umsaidie mahesabu ya minyororo. Binti yangu wa darasa la tisa alijifunza hesabu za sehemu kuliko alivyojifunza mwaka mzima shuleni.

Shemeji alirudi kwa mwenye shamba na karatasi yangu yenye penseli. Mzee yule hakubisha. Alimpeleka nyuma ya ghala, akamwonyesha mdomo wa bomba la udongo unaotoa maji kwenye mtaro, na akakiri kwamba upande wa barabarani huchelewa kukauka mwezi wa tano. Walikaa wakazungumza upya. Bei ikashuka, na nusu ya kaskazini, ambayo imeinuka na ina mchanga, ndiyo itakayolimwa mwaka wa kwanza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda naye kuitafuta kona ya seksheni, ile ya mashariki ambayo vipimo vyote vimeanzia. Miti mashahidi haipo tena, bila shaka. Kaunti imeweka alama yake ya chuma katikati ya makutano ya barabara, chini ya kifuniko kidogo. Tulikipangusa changarawe kwa mguu, gari moja likapita polepole likitushangaa, tukakifunua. Shemeji akachuchumaa, akaishika ile alama kwa kiganja, akaniuliza kama hiyo ndiyo bikoni. Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo bikoni. Nikafungua tepu, nikamkabidhi ncha, na tukaanza kuhesabu kuelekea magharibi.